Picha ya Nyuma ya Ghala

Nekesa,

Sikuulizi hali yako kwa sababu naijua. Uko nyumbani unapanga nguo kwenye sanduku, na umenuna. Mimi niko hapa studio, mvua inanyesha, stima imepotea, hakuna mteja, na mimi pia nimenuna. Kwa hiyo salamu tuziache.

Nakuandikia kwa sababu nikikusemesha nitapiga kelele. Tangu Jumapili nimejaribu. Nafungua mdomo niseme jambo la maana, linatoka jambo lingine kabisa, la sufuria ambayo haikuoshwa au la mlango uliobamizwa, na mamako anatutazama wote wawili anasema, "Mtaniua na kisirani chenu." Jana nilikuambia kamera yako ni takataka. Kamera yako si takataka. Ni kamera nzuri sana, na hilo ndilo linaloniudhi.

Mambo ya kula vizuri, ya kufunga mlango mapema, ya kutoamini kila anayekuita dada, mamako atakuambia, na akimaliza ataanza upya. Bungoma si ng'ambo. Ukikosa sukuma wiki huko utakuwa hukuitafuta. Mimi nina jambo moja tu, na nitalisema kwa hasira kwa sababu hasira ndiyo niliyo nayo leo.

Ulinipiga picha nikilia. Hukuniambia. Ukaionyesha dunia nzima, na kwa ajili yake ukapata kazi. Sasa hao wenye studio ya Bungoma wanataka kuikuza iwe na ukubwa wa mlango, waitundike pale wateja wanapoingilia, na wanasubiri jibu lako kesho ukifika. Na wewe, mwanangu wa kuzaa, mpaka sasa ninapoandika, hujaniuliza.

Unajua nilivyoijua picha hiyo? Siyo kwako. Niliijulia kwa mama mmoja aliyekuja kupigwa picha ya pasipoti. Nimemketisha kwenye kiti, nimemwambia ainue kidevu, na yeye ananikodolea macho tu. Nikamwambia, "Mama, angalia hapa kwa kamera."

Akasema, "Si ni wewe, mzee? Si ni wewe ulikuwa unalia?"

Nikamuuliza ananizungumzia mimi au mtu mwingine. Akatoa simu kwenye mkoba, akapekuapekua, akanigeuzia. "Ona. Ati hii imezunguka mpaka dada yangu wa Nakuru ameniletea. Pole sana, mzee. Hata mimi nililia na wewe."

Nikajiona kwa simu ya mtu nisiyemjua jina. Nimeshika koti la kaka yangu karibu na uso, mdomo uko wazi, jicho moja limefumba na lingine linatazama ardhi, na kamasi. Kamasi, Nekesa! Zimeteremka mpaka kwenye mdomo, na wewe ukaona ni sawa watu wa Nakuru wazione. Nikampiga yule mama picha yake, nikamkata kichwa. Nikarudia. Na kazi yote ya maisha yangu ni kupiga picha za namna hiyo.

Lakini ugomvi wetu haukuanzia kwa picha. Ulianzia dukani, siku tulipoenda kukuchagulia kamera.

Unalikumbuka lile duka la ghorofani, upande wa soko. Muuzaji akaweka mbili juu ya kioo cha kaunta. Moja DSLR, nene, nzito, ya kushika ukajua umeshika kitu. Nyingine mirrorless, ndogo, inaingia hata kwenye mkoba wa mamako. Tofauti yake tunaijua sote, lakini acha niiandike, maana nikiandika ndipo nafikiri. Ile DSLR ina kioo ndani. Mwanga unapita kwa lenzi, unagonga kioo, unapanda mpaka jichoni mwako, unaona mtu mwenyewe jinsi alivyo. Ukibonyeza, kioo kinaruka kupisha, picha inapigwa, kioo kinarudi mahali pake. Ndiyo ile sauti ya klak. Mirrorless wamekitoa kioo. Unachotazama ni kama runinga ndogo iliyo ndani ya kamera, na kwa kuwa hakuna kinachoruka, ukitaka inyamaze inanyamaza kabisa.

Mimi nilitetea kioo. Nilitaja betri, kwamba ya DSLR inamaliza harusi nzima na sherehe ya jioni na bado inabaki, na ile yako inakula chaji hata ikiwa imelala. Nikataja vumbi la mahindi wakati wa kukoboa, ambapo Kitale yote inakuwa unga, na wewe ukibadilisha lenzi vumbi linaingia moja kwa moja kwenye moyo wa kamera. Nikataja lenzi, kwamba mji huu kila mpiga picha ana moja ya kukuazima, na fundi wa kuzitengeneza yupo. Yote hayo ni kweli. Nayatetea hata leo.

Wewe ukaniambia, mbele ya muuzaji, "Baba, hiyo ni tofali, bana. Nitavaa tofali kwa shingo mpaka lini? Na hii naona picha kabla sijapiga. Wewe unapiga, alafu ndio unaangalia kama imetoka."

Muuzaji akacheka kidogo. Nikakasirika, na ukadhani nimekasirikia kicheko. Nilikasirika kwa sababu ya Kachibora.

Harusi ya Kachibora unaijua, shangazi zako huitaja wakitaka kunichokoza. Jua lilikuwa kali, gauni jeupe pe, na bibi harusi ni msichana mweusi mzuri wa kwetu. Kwenye kioo nilimwona vizuri sana. Niliona macho yake, niliona jasho juu ya mdomo, kwa sababu jicho la mtu linajua kutafuta uso mweusi chini ya shela nyeupe. Kamera haikujua. Ilitazama gauni ikadhani kuna mwanga mwingi mno, ikafunga, na uso ukazama gizani. Nami nilikuwa na pupa, nilikuwa nabonyeza tu bila kuangalia nyuma ya kamera. Wiki iliyofuata mama wa bibi harusi alikuja hapa studio na albamu, akaiweka juu ya meza, akafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine. "Msichana wangu ako wapi? Mimi naona gauni imesimama peke yake." Nikamlaumu jua. Nikamlaumu mchungaji kwa kuchelewa. Nikalilaumu hata gauni. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena, "Sawa. Lakini ako wapi?"

Kwa hiyo uliposema vile dukani, ulinigusa pale panapouma. Ningekuwa na hiyo mirrorless kule Kachibora ningeuona uso umezama kabla sijabonyeza. Ulikuwa sahihi, na ulikuwa na hela yako mwenyewe uliyoipata kwa jasho lako, ukanunua unachotaka, tukarudi nyumbani kila mtu upande wake wa barabara.

Kuna jambo moja sikulitaja dukani, la ile sauti. Sikulitaja kwa sababu sikujua kwamba nalijua.

Nilipokuwa nimefungua studio karibuni tu, kabla sijamwoa mamako, niliitwa Misikhu kwetu kupiga picha za kumuse ya mzee mmoja mwenye jina. Wewe uliiona ya baba yako mkubwa, unajua inavyokuwa. Mzee akishazikwa, watu wanaketi chini, yule msemaji anasimama katikati na fimbo yake, anakwenda na kurudi, anataja ukoo ulikotoka, anawaambia watu makosa yao bila kumwogopa mtu. Na anaposema, hakuna kuinuka, hakuna kunong'ona, hakuna kukata njia yake. Hata mtoto akianza kulia anapelekwa mbali. Mimi nilikuwa kijana wa mjini. Kumuse nilikuwa nimezisikia tu, sikuwa nimewahi kuketi kwenye moja. Nilijua harusi, nilijua mahafali, nikadhani ni sherehe tu nyingine. Msemaji alipofika mahali akanyamaza, watu wote wakiwa kimya, nikaona sura yake iko vizuri kabisa, nikabonyeza.

Wakati huo kamera ilikuwa ya filamu, lakini kioo ni kilekile. Klak.

Yule msemaji hakugeuka haraka. Alisimama tu, halafu akasema, "Nani anapiga kerere hapo?"

Akanielekezea fimbo. "Wewe kijana wa Kitale. Hicho kitu chako kimesema. Kimesema nini?"

Nikamwambia, "Nimepiga picha, baba."

"Nani amekuambia upige?"

"Mwenye boma, baba."

"Mimi ndiye mwenye boma? Hii sura ni ya boma?" Akaigonga fimbo chini. "Weka hiyo kitu kwa nyasi. Wewe kaa kando yake mpaka nimalize."

Nikaketi kwenye nyasi kando ya kamera mpaka akamaliza, na akina mama wote wa Misikhu wananitazama. Miaka yote nimelibeba jambo hilo moyoni kama aibu. Nilikuwa namkasirikia yule mzee hata baada ya yeye mwenyewe kufa. Mwaka huu ndiyo nimeelewa kwamba swali lake lilikuwa la haki kabisa. Aliniuliza nani ameniambia nipige sura yake, na aliweza kuniuliza kwa sababu kamera yangu ilinisema.

Usidhani najigamba kwamba mimi ni mtu mwema kuliko wewe. Maisha yangu yote nimetaka kupiga picha za watu wasipojua. Nani hataki? Mtu asipojua ndipo anapopendeza. Lakini kamera yangu ilikuwa na mdomo. Kila nilipojaribu, mtu aligeuka akaniambia, "We, futa hiyo," au akacheka, au akanirushia kiatu, na tukamalizana palepale. Nimekuwa mwaminifu kwa lazima. Wewe umenunua kamera ambayo haitakulazimisha, na hilo dukani sikulitaja. Nilikusumbua na habari za betri.

Sasa tuje kwa Simiyu.

Unajua kaka yangu alivyokuwa kwangu, sina haja ya kueleza. Siku ya kumuse yake mimi nilikuwa nimeketi na wafiwa, singeweza kushika kamera, nikakuachia kazi yote. Nikakuambia wazi, wakati msemaji anasema, kamera iwe chini. Ukaniitikia, "Sawa, Baba." Nikakutupia jicho mara mbili tatu. Umeketi kwenye nyasi na shangazi zako, kamera iko kifuani, mikono imetulia. Nikajivunia. Niliwaza, huyu ameelewa kile mimi nilichofunzwa kwa aibu.

Kumbe ulikuwa unapiga. Kidole kimoja tu, na hakuna aliyesikia. Nimeziona baadaye, fimbo imeinuliwa, mishipa ya shingo ya yule msemaji, nyuma yake watoto wa Simiyu wameinamisha vichwa. Hakuna mtu amewahi kuzipata picha kama hizo kule kwetu. Nilitamani kuzirarua, lakini ziko kwa simu, haziraruki.

Ulinidanganya machoni. Hilo la kwanza.

La pili ni ghala. Walipogawa nguo zake mimi nikapewa lile koti la kijivu, alilokuwa akilivaa kila siku ya soko. Mikono yake ni mifupi kwangu. Nililivaa mbele ya watu, nikashukuru, nikasema yale yanayosemwa, nikawashukuru waliotoka mbali. Sasa mimi ndiye mkubwa wa boma, na kila mtu alikuwa ananiangalia aone kama nitasimama. Nikasimama. Halafu nikasema naenda kuangalia ng'ombe, nikapita nyuma ya ghala la mahindi, nikalivua lile koti nikaliweka usoni. Lilikuwa linanuka moshi na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Basi.

Nilichagua mahali pale, Nekesa. Nilitafuta mahali ambapo hakuna mtu.

Tangu Ijumaa nimeiangalia picha hiyo kwa jicho la kazi, kwa sababu jicho lingine linashindwa. Umetumia lenzi fupi, isiyovuta cha mbali. Nyuzi za koti zinaonekana moja moja. Sihitaji kuambiwa ulikuwa umesimama wapi, najua kupima. Ulikuwa karibu kiasi cha kunyoosha mkono ukanishika bega. Ulimkuta babako analia peke yake, mkono wako ungefika, na ukapiga picha.

Hilo ndilo limenikalia kooni. Watu wa Nakuru siwajali. Hata zile kamasi nitazizoea. Nataka kujua, ulipomaliza kupiga, ulienda wapi? Kwa sababu mimi sikuona mtu. Nililia mpaka nikamaliza, nikajipangusa na mkono wa koti, nikarudi kwa watu, na nikakupata umekaa na binamu zako mnakula.

Jumapili nilipokuuliza hukunijibu hilo. Ulinijibu lingine. Ulisema, "Baba, ningekuuliza ungejipanga. Ungepanguza uso, ungeshika koti vizuri, ungesimama kama mtu wa kitambulisho. Si hivyo ndio umepiga watu maisha yako yote?"

Nilitoka nje. Mamako alidhani nimetoka ili nisikupige kelele. Nilitoka kwa sababu ulikuwa umesema kweli na sikutaka uone usoni kwangu.

Maana ukumbuke wiki ile ya msiba. Binti wa Simiyu alikuja hapa studio kuchagua picha ya kuweka mbele ya jeneza. Nikamtolea zote. Simiyu kwenye harusi yake, Simiyu kanisani, Simiyu na ng'ombe wa maziwa aliyeshinda maonyesho. Akaziangalia moja moja, akaniambia kwa upole, "Baba mdogo, hauna ingine? Hizi zote amekaa kama mtu anangojea kushtakiwa."

Sina. Mtu aliyekuwa akicheka mpaka anashika ukuta, mtu ambaye ukimwona anakuja barabarani unaanza kucheka kabla hajafika, na mimi ndugu yake, mwenye studio, sina hata picha moja ambayo anacheka. Alikuwa akiiona kamera anafunga mdomo, anaweka mikono magotini. Akisahau akaanza kucheka, nikibonyeza, anasikia klak, ananyamaza. Tumemzika na picha ya mtu nisiyemjua.

Kwa hiyo unaona mahali nilipo. Una haki, na umekosa, yote mawili siku moja, na mimi sijui nigombane na lipi. Ndiyo maana nimekuwa nikigombana na sufuria.

Nisikilize sasa, halafu nitanyamaza.

Mimi nilikuwa rahisi. Mimi ni babako, ukinikosea nitakununia wiki moja na nitakuandikia barua. Wanaokungoja Bungoma si babako. Utaenda mazishini kila Jumamosi, na kuna mjane ambaye atachanganyikiwa afungue kifua mbele ya watu, na wewe utakuwa hapo na kamera isiyosema. Utaitwa nyumba za karibu na msikiti, kwenye harusi, na kwa kuwa wewe ni mwanamke watakuingiza ndani kwa wanawake. Watakuwa wamevua mitandio, wanacheza, nywele ziko nje, wanakuamini kwa sababu umekula pilau yao. Watasema usipige hapa ndani, nawe utasema sawa, kama ulivyoniambia mimi sawa. Na huyo mkubwa wako mpya atakunong'oneza, "Chukua tu, si haitoi sauti. Nani atajua?" Mtu aliyeona picha ya mzee analia na la kwanza likamjia ni kuitundika mlangoni, huyo atakunong'oneza. Mimi sijamwona, lakini nawajua wenye studio, mimi ni mmoja wao.

Siku hiyo sitakuwepo. Hakutakuwa na mzee wa kukunyooshea fimbo. Kamera yako haitakusema, na ukiwa na siku mbaya, na kodi ya nyumba inakuita, hata wewe hutajisema. Naogopa hilo. Nikiliondoa neno hasira kwenye barua hii yote, linalobaki chini ni woga kwamba mwanangu ana kipaji kikubwa kuliko changu na hana kitu cha kumzuia.

Wala sikuambii uache kupiga watu wasipojua. Ningekuambia hivyo juzi. Leo siwezi, kwa sababu ya Simiyu. Piga. Nenda ukapige kicheko cha kila mtu kule Bungoma kabla hakijafa. Lakini ukishapiga, Nekesa, nenda kwa huyo mtu. Siku hiyohiyo, kabla hujafungua simu. Mwonyeshe. Akisema futa, futa mbele yake hata kama ni picha nzuri kuliko zote ulizowahi kupiga, hata kama machozi yatakutoka. Utachukia kufanya hivyo. Mimi nimefutishwa picha nyingi na nimechukia kila mara, lakini watu hao bado wananiita kwenye misiba yao.

Na ukimkuta mtu peke yake analia, mshike bega kwanza. Picha itakuja au haitakuja.

Ile DSLR yangu niliyokuwekea ukaiacha juu ya meza, nimeirudisha kabatini. Nilikuwa nimepanga kukulazimisha uibebe. Nimeacha. Nenda na yako. Kwenye mfuko wa mbele wa begi la kamera utakuta betri mbili, ni za hiyo mirrorless, nilizitafuta mji mzima na muuzaji alinicheka tena. Usinishukuru, bado nimekasirika. Uzichaji zote usiku wa kuamkia kazi, na uzitie alama ujue ipi imetumika, kwa sababu najua utazichanganya.

Sasa hili la picha. Kesho asubuhi, kabla hujabeba sanduku, njoo mbele yangu. Usimtume mamako. Usinitumie ujumbe kwa simu ukiwa chumba cha pili, najua tabia yako. Njoo na hiyo picha, unionyeshe wewe mwenyewe, kwa mkono wako, mimi nimeiona kwa mikono ya watu tu. Halafu uniulize kama wanaweza kuitundika. Nikisema hapana, ifute hapohapo, na hao wa Bungoma wakikukataa kwa sababu hiyo basi hawakukutaka wewe, walinitaka mimi, nami ni mzee, sina haja ya kazi. Utarudi hapa tutagombana vizuri.

Na nikisema ndiyo, nina sharti. Chini yake wasiandike jina la studio yao, wala langu, wala lako. Waandike jina la kaka yangu, Simiyu, ili anayeingia pale ajue nilikuwa namlilia nani. Hiyo ndiyo picha pekee tuliyo nayo inayoonyesha alikuwa mtu wa namna gani.

Nimeshaamua, Nekesa. Nadhani hata wewe umeshajua nimeamua nini. Lakini uniulize.

Babako